Siniša Mihajlović: ilikuwaje beki akawa bingwa wa mipira ya adhabu?

Swali

Ndugu zangu, nimetazama tena mabao matatu ambayo Mihajlović aliwafunga Sampdoria tarehe 13 Desemba 1998, yote kwa mipira ya adhabu, siku ambayo timu yake, Lazio ya Italia, ilishinda 5-2. Je, alianza soka akiwa beki, au mguu ule wa kushoto ulilelewa katika nafasi nyingine kabla hajarudishwa nyuma?

Jibu la kwanza

Umegusa penyewe. Mzaliwa huyo wa Vukovar hakuanza kama beki wa kati. Alipokuwa Vojvodina, mabingwa wa Yugoslavia mwaka 1989, na baadaye Red Star ya Belgrade, alicheza zaidi kiungo cha kushoto, nafasi inayomlazimu mtu kupiga krosi mchana kutwa. Tazama nusu fainali ya Kombe la Ulaya ya mwaka 1991 dhidi ya Bayern Munich: bao la kwanza la Red Star katika marudiano alilifunga yeye kwa mpira wa adhabu, na dakika za mwisho krosi yake ikamgonga Klaus Augenthaler, beki wa Bayern, mpira ukapaa juu, kipa akaunyooshea mikono bila kuudhibiti, ukatumbukia wavuni. Fainali ya Bari dhidi ya Marseille iliamuliwa kwa penalti, naye ya kwake aliifunga.

Aliyemweka katikati ya ulinzi ni kocha Sven-Göran Eriksson, wakiwa Sampdoria, baada ya miaka miwili ya Roma. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi uliomjenga, kwa sababu akiwa nyuma aliuona uwanja wote na pasi zake ndefu zikapata njia. Mwaka 1998 alimfuata Eriksson Lazio, wakatwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1999 na ubingwa wa Italia mwaka 2000.

Jibu la pili

Naongeza jambo moja tu. Wapigaji wengi huchagua kati ya nguvu na mzunguko, lakini yeye aliviunganisha. Kipa aliyesubiri aone mpira unakoelekea alichelewa, na aliyewahi kujitupa aliiacha wazi kona yake mwenyewe. Ndiyo maana mabao yake ya mipira ya adhabu katika Serie A, ligi kuu ya Italia, yalifika 28, idadi ambayo hata washambuliaji wakubwa hawakuikaribia.

Jibu la tatu

Ninampenda kama mchezaji, lakini historia yake isisimuliwe nusu. Mwaka 2000, katika mechi ya Ligi ya Mabingwa, alimtolea Patrick Vieira wa Arsenal maneno ya kibaguzi. Baadaye aliomba radhi hadharani uwanjani, na kwa sisi tuliokuwa tukimshangilia, jambo lile liliuma sana.

Muulizaji

Ahsanteni, na hilo la mwisho nalipokea kwa uzito wake. Sasa nalitafuta bao lake dhidi ya Iran katika Kombe la Dunia la 1998, lililoipa Yugoslavia ushindi wa 1-0, nione kipa alikuwa amesimama wapi.