Naweza kuishtaki taasisi ya dini mahakamani nikashinda?

Wakuu, naomba ushauri. Shangazi yangu ni mjane. Alipoanza kuugua alihamia kwenye nyumba ya maombi ya taasisi moja ya dini (jina naliacha). Kiongozi wao ndiye akawa mshauri wake kwa kila jambo, hata sisi ndugu kumwona ilikuwa mpaka ruhusa. Akiwa huko akasaini hati ya kuwapa kiwanja chake. Sasa ametoka, amekidai, wamemtenga hadharani na kumwita muasi. Nataka tuwashtaki kwa yote mawili, kiwanja na kutengwa. Wengine wananiambia mahakama haigusi mambo ya dini. Ni kweli?

kijiweni_daima: Achana na watumishi wa Mungu, mkuu. Sadaka hairudishwi.

Bi_Tausi: Hairudishwi kwa sheria ipi? Mjane mgonjwa, ndugu wamezuiwa, halafu anasainishwa hati na huyo huyo anayemwombea! Pole sana kwa shangazi.

faili_la_kijani: Mleta mada, tenganisha hayo mawili. La kutengwa liache. Mahakama nyingi hukataa kuamua nani ni muumini safi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mahakama hazina mamlaka ya kusikiliza shauri la wakala wa nyumba aliyetengwa na usharika wake, ingawa alilia kwamba amepoteza wateja. Ukilichanganya na la kiwanja unawapa wapinzani pingamizi la bure: watasema shauri zima ni la imani.

La kiwanja ni mali, na hapo una hoja. Soma shauri la Uingereza la Allcard na Skinner, 1887. Mwanamke alijiunga na watawa, akawapa mali yake, na kanuni zao zilimkataza kutafuta ushauri wa mtu wa nje bila idhini ya mkuu wake. Majaji walikubali kwamba katika hali hiyo zawadi ingeweza kutenguliwa, bila hata kumwona mkuu huyo kuwa tapeli. Lakini alishindwa, kwa sababu alitoka mwaka 1879 na kudai mwaka 1885. Alichelewa. Hata angewahi, angerudishiwa kile tu kilichokuwa hakijatumika. Kwa hiyo swali langu ni moja: shangazi ametoka lini, na kiwanja kiko katika hali gani?

Bi_Tausi: Na mnamshtaki nani? Kiongozi, au wadhamini wenye jina kwenye hati? Australia mwaka 2007 mtu mmoja aliyedai fidia ya unyanyasaji wa padri alikwama hapo hapo: kanisa lenyewe halikuwa mtu kisheria, na wadhamini wa mali zake hawakubebeshwa kosa la padri. Kwenu ni ardhi, afadhali kidogo, maana mwenye jina kwenye hati anajulikana. Chukueni nakala ya usajili wa ardhi kwanza.

kijiweni_daima: Mtakuja kujuta.

Mleta mada: Asanteni. Ametoka mwaka jana. Kiwanja bado ni pori, ila juzi wameshusha matofali.

faili_la_kijani: Basi ukifika kwa wakili anza na hayo matofali. Hadithi ya maombi itasubiri. Aombe zuio la muda wasijenge wala wasiuze wakati shauri linasikilizwa. Na yule aliyeshuhudia saini mtafuteni: alikuwa mtu wao au wa nje?

Mleta mada: Wa kwao. Wote wawili.