Naomba ushauri: nizisome au niziruke beti za radhi tano?

Habari zenu wakubwa. Jumamosi tunamfunda mtoto wa dada, na shangazi zake wamenipa nisome Utendi wa Mwana Kupona, ule aliomtungia bintiye mwaka 1858. Naupenda, marehemu bibi alikuwa akiughani huku anasuka ukili. Shida ni zile radhi tano anazoambiwa binti azitafute: ya Mungu, Mtume, baba, mama, halafu mume. Juzi mwari kaniuliza, "Mama mdogo, na yeye radhi yangu haitaki?" Nikabaki natafuna kashata tu. Nikiziruka, shangazi watajua, wanazo kichwani. Nikizisoma kavukavu, mtoto atanuna. Mliowahi kufunda, mlizifafanuaje kidini? Au nianze na aya ya mapenzi na huruma, Surat Ar-Rum 21, ndipo niingie kwenye utendi?