Nimejiunga na chama cha walimu wa hisabati: uanachama utanifaaje darasani?

MwlSikonge
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha hisabati shule ya kata huku Sikonge, Tabora, mwaka wa pili kazini. Makato ya asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya CWT, Chama cha Walimu Tanzania, nayaelewa: kile ni chama cha wafanyakazi, kinasimamia haki na maslahi yetu. Mwaka huu nimejiunga pia na Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kwa fedha yangu. Mwalimu aliyenipokea kazini aliniambia kipo tangu 1966 na kinashughulika na somo lenyewe. Tatizo, shuleni walimu wa hisabati tupo wawili tu, na mwenzangu amebebeshwa fizikia pia. Semina ziko mbali na nauli inatoka mfukoni. Ninyi mlio wanachama wa siku nyingi, mnafanyaje hadi uanachama unaonekana kwenye madaftari ya watoto?

DadaWaIramba
Mdogo wangu, karibu sana. Kwanza usiende semina mikono mitupu. Nenda na kazi za wanafunzi wako, zile zinazokukosesha usingizi.

Mimi semina yangu ya kwanza nilibeba madaftari ya kidato cha tatu, mada ya Dunia kama tufe. Watoto wanaijua kanuni, wanajua nusu kipenyo ni kilomita 6,370, lakini wakipewa mji mmoja kaskazini mwa ikweta na mwingine kusini, bado wanatoa latitudo badala ya kujumlisha. Wakati wa chai nikamwonyesha mama mmoja mtu mzima, msahihishaji wa siku nyingi wa mitihani ya taifa. Aliyapitia, akaomba chungwa na kalamu, akachora ikweta. Akaniambia nianze na Tanga na Dar es Salaam: latitudo 5 na 7 kusini, zote karibu na longitudo 39 mashariki. Tofauti ni digrii 2, na digrii moja ni kama kilomita 111, basi ni kama 222. Darasani watabisha, maana kwa basi ni zaidi ya kilomita 300. Waache wabishe! Hapo ndipo wanapoona kwamba barabara inazunguka, na sisi tunapima moja kwa moja juu ya tufe. Ndipo uwape mji wa kaskazini, wahesabu kwanza kutoka kusini hadi ikweta, halafu kutoka ikweta kwenda juu. Hakuna atakayetoa tena.

Yule mama sikumwachia hivi hivi, nilichukua namba yake, na mpaka leo nikikwama namtumia picha ya ubao. Kwangu huo ndio uanachama. Mada za siku ile ukumbini nyingine zilikuwa nzuri, nyingine nimeshazisahau.

Na kama nauli hakuna, tafuta wanachama wa wilaya za jirani. Sisi shule nne tunatungiana mtihani wa ujirani mwema na tunakaa meza moja kusahihisha. Jibu lile lile mimi nimelipa alama 2, mwenzangu kalipa 4, basi tunabishana mpaka tunakubaliana hatua ipi ina alama. Pembeni tunaweka taarifa ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, inayoeleza swali kwa swali walikosea wapi. Ipo bure kwenye tovuti yao. Ukiisoma peke yako inachosha. Mkiwa wanne inafundisha.

MwlMstaafuSongea
Naunga mkono, ila niongeze. Ulichopata kisiishie kwako. Kipeleke kwenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapo shuleni. Wawili mnatosha, na huyo wa fizikia anahitaji hisabati kuliko unavyodhani. Pia mwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba nauli mapema, kabla bajeti haijapangwa, na ueleze mada gani utakuja kuwafundisha wenzako. Mimi nilipokuwa mkuu, barua ya namna hiyo nilikuwa naipitisha haraka kuliko ile ya "naomba kuhudhuria semina". Na tarehe 14 Machi, Siku ya Pai (ile namba 3.14, mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo), kama huwezi kusafiri kwenda kwenye maadhimisho, fanyeni hapo hapo: ndoo, sufuria, kamba na rula, watoto wapime mzingo na kipenyo wenyewe.

MwlSikonge
Nashukuru sana, dada, na wewe mzee shikamoo. Ujirani mwema tunao kata nzima, ila kila shule inasahihisha kivyake. Nianzie hapo? Nahofia walimu wa shule nyingine wataona nawakagua.

DadaWaIramba
Anzia hapo. Usiombe karatasi zao, peleka za kwako. Chagua swali moja tu, futa majina, toa nakala tano, kila mtu asahihishe bila kuona alama za mwenzake, halafu zisomwe kwa sauti. Siku ya kwanza isizidi saa moja, maana wana vipindi. Ukishapata tarehe niambie, nitakutumia swali la logarithimu ambalo kwetu lilileta ubishi mkubwa.