Wakuu, mashine ya kupumulia usingizini inanishinda, naombeni mbinu

Kipara wa Mbezi: Habari za muda huu wakuu. Nakoroma na pumzi inakatika nikiwa usingizini. Mke wangu anasema nanyamaza kabisa, halafu nakurupuka kama nilikuwa nakabwa. Mchana nasinzia ovyo, juzi foleni ya Mwenge nimeamshwa na honi, taa ya kijani ilishawaka zamani. Sasa nina CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa puani kwa bomba na barakoa. Leo usiku wa nne. Upepo wake ni kama umetoa kichwa dirishani kwenye basi la mkoani. Mdomo unakauka, tumbo linajaa gesi, asubuhi nabeua tu. Bomba nalo limeinua chandarua, mbu wanapita chini. Ikifika saa saba navua. Mliozoea mlifanyaje? Nawasilisha.

Mla Urojo: Mkuu hapo unalala au unazamia pweza Mafia? 😂

Mama Swaumu: Mwanangu, chipsi mayai saa nne usiku halafu unalala chali, mashine ikusaidie nini? Lala ubavu, kunywa tangawizi, soma dua.

Kipara wa Mbezi: Shikamoo mama. Usiku nakula matunda tu.

Fundi Friji: Pole kaka. Natumia tangu 2019, wiki mbili za kwanza nilitaka kuitupa. Usianzie kitandani. Vaa sebuleni, imewashwa, nusu saa ukiangalia mpira. Mikanda irekebishe ukiwa umelala, maana uso ukilala unabadilika, na usikaze kama kamba ya mzigo, ndiyo inazidi kuvuja. Mdomo kukauka ni kwamba unaachama, tafuta barakoa inayofunika pua na mdomo. Bomba mimi nimelitundika kwenye msumari wa chandarua, linashuka juu ya kichwa, mbu hawaoni mlango. Ukilala na AC livishe kitambaa, bila hivyo maji yanajikusanya humo na kukumwagikia puani. Halafu kuna sehemu ya kuanza na upepo mdogo unaopanda taratibu, iwashe. Skrini inasoma presha ngapi, na saa za matumizi ngapi?

Kipara wa Mbezi: Asante sana mkuu, hiyo ya msumari leo leo. Presha 16. Saa sijaangalia.

Babu Kijiko: Mmenikumbusha baba mkwe. Tulipanda basi la Moshi, akaanza kukoroma Chalinze, Korogwe abiria wakamchangia hela ya soda ili akae macho. Akanywa, akalala na chupa mkononi.

Fundi Friji: Kipara rudi. Mashine hizi zinaanzia 4 mwisho 20. 16 ni kubwa, na upepo ukizidi ndiyo unaumeza, hiyo gesi ya tumbo. Nani alikupima? Pumzi ilikatika mara ngapi kwa saa? Ikifika 30 wanaita kali. Na hizo saa angalia, ni kubonyeza tu.

Kipara wa Mbezi: Mbona kama niko kituoni? Zinasoma 9,412.

Mla Urojo: Usiku nne hizo? Mbezi usiku mrefu jamani.

Kipara wa Mbezi: Sawa. Ilikuwa ya marehemu mjomba, alikuwa Houston, shangazi akaileta na mizigo. Kupimwa sijapimwa. Lakini koromo ni koromo wakuu, kipimo kitaniambia nini ambacho mke wangu hajaniambia? Barakoa nimenunua mpya, siyo kwamba sina akili. Na ile sauti ya *shhh* iliyokuwa inamkera nimeshaimaliza, vile vitundu vya mbele nimeviziba na plasta.

Nesi Mstaafu: TOA HIYO PLASTA SASA HIVI. Vitundu hivyo ndiyo njia ya kutolea hewa unayopumua. Ukiviziba unavuta tena hewa chafu ileile usiku kucha. Na namba 16 ilipimwa kwa koo la mjomba wako. Nenda kwa daktari wa pua, koo na masikio, mashine uibebe.

Mama Swaumu: Vitu vya marehemu vinasomewa kwanza.

Kiboko ya Chai: Wakuu mnakunywa chai hii mpaka lini? Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa pili alikuwa anatafuta mchumba, "awe mkimya usiku". Leo ana mke. Na jana jukwaa la matangazo kaweka: "CPAP mpya kabisa, haijatumika." Mjomba hayupo, apnia (hiyo ya pumzi kukatika usingizini) haipo, hapa anapasha joto soko.

Babu Kijiko: Nilijua tu. Hata baba mkwe wangu nimeanza kumtilia shaka.

Kipara wa Mbezi: Ndoa ni ya Juni, picha za ukumbi ninazo. Tangazo niliweka saa tisa usiku nikiwa na hasira, mbu wamenila, mke kahamia sebuleni. "Mpya" nilimaanisha barakoa.

Fundi Friji: Basi futa tangazo.

Kipara wa Mbezi: Kuna mtu wa Tabata ameshatuma kishika uchumba. Ni ya baba yake, anakoroma. Na plasta nimetoa, Nesi, usinipigie kelele tena.

Nesi Mstaafu: Huyo baba kapimwa? Wanajua hiyo mashine iko 16?

Kipara wa Mbezi: Hawajauliza.