Vitabu vya miti kwa watoto: nani ana chenye mnazi?

Kutoka kwa mama wa watoto wawili, Leicester

Assalamu alaikum ndugu zangu,

Binti yangu ana miaka mitano. Muhula huu skuli wanasoma habari za miti, na kila wiki anarudi na kitabu cha picha: majani yanageuka rangi, yanapukutika, inakuja theluji, kisha machipukizi. Vitabu vizuri, namsomea kwa furaha. Juzi akawa anazungumza na bibi yake aliyeko Wete, Pemba, kwa simu ya video. Bibi akamwonesha mkarafuu wa nyuma ya nyumba, akamwambia, "Huu mwaka huu umezaa." Mtoto akauliza majani yake yataanguka lini. Bibi hakujua amjibu nini, na mimi roho iliniuma.

Maktaba ya mtaani kwetu nimekuta vitabu vya Wangari Maathai na miti aliyoipanda Kenya. Nimeviazima vyote. Lakini mnazi, mkarafuu, mfenesi, sikuona. Kuna anayejua pa kuvipata kwa Kiswahili? Au nivitafsiri tu hivi vya Kiingereza?

Kutoka kwa baba wa watatu, Toronto (niko Chake Chake kwa likizo)

Wa alaikum salaam dada,

Usitafsiri. Mimi nilifanya hivyo kwa mwanangu wa kwanza, nikabandika Kiswahili juu ya Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Maneno yakawa ya kwetu, mti ukabaki wa kwao. Vitabu vile vinahesabu mwaka kwa majani. Kwetu, ukiondoa mbuyu, ambao kweli hupukutisha kiangazi, miti mingi tunayoishi nayo ina majani mwaka mzima. Sisi mti tunaufuata kwa tunda lake.

Chukua mnazi. Kiingereza kina jina moja, wanaongeza sifa mbele yake. Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tayari hizo ni kurasa tano, na zimejipanga zenyewe! Kidaka kidogo cha kushika kwa vidole, upepo ukivuma kinaanguka. Kitale kimekua, lakini bado si cha kunywa. Dafu, mtoto anakunywa maji kisha anakwangua nyama laini kwa kipande cha ganda lake. Koroma imeshapita udafu na haijafika unazi. Halafu nazi yenyewe, na hapo weka picha ya mbuzi ya kukunia, mtu ameikalia, kwa sababu mtoto wa Leicester ukimwambia "mbuzi" atafikiria mnyama. Ukitaka kuendelea, yapo makuti ya paa, vifuu, na makumbi yanayofukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa ndipo yapondwe yatoe usumba wa kamba. Mwanangu wa pili anavijua hivyo vyote na hajawahi kuishi Zanzibar.

Mkarafuu nao una siri ambayo watoto wanaipenda sana: karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Likifunguka, limeshapita. Mpigie bibi simu akupigie picha vikonyo vikiwa bado mtini, kisha watu wakichambua, karafuu huku makonyo kule, kisha zimeanikwa jamvini hadi zigeuke rangi. Mtoto akikuuliza kwa nini bibi yake kazungukwa na mikarafuu kuliko jamaa zenu wa Unguja, mwambie dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika zaidi.

Jambo jingine ni majina. Mtoto akishajua mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mfenesi na fenesi, ataanza kuondoa "m" mwenyewe. Mwache. Kisha mpe mgomba. Wangu alisema "gomba", nikamwekea ndizi mkononi, na hajasahau tena. Mkwaju na ukwaju, mbuyu na buyu na ule ubuyu wa ndani, kila kimoja kinastahili ukurasa.

Kutengeneza si kazi. Karatasi nane za A4 nene, zikunje katikati, toboa mkunjo kwa sindano kubwa, shona kwa uzi wa katani. Maneno machache kwa herufi kubwa. Picha za ndugu zako ni bora kuliko za intaneti, kwanza ni halali yako, pili mtoto anamwona bibi yake chini ya mti. Na kila ukurasa bibi aurekodi kwa sauti yake. Usiache hilo, dada. Ukitaka hadithi za kuongezea, tovuti ya African Storybook ina nyingi za Kiswahili, bure, na unaruhusiwa kuzichapa.

Kutoka kwa mjomba wenu, Muscat

Kijana kasema kweli. Naongeza mawili. Msisahau mikoko, watoto wa pwani wamekua nayo. Na kwenye tufaa kuweni waangalifu: vitabu vingi vinaandika tufaa kwa maana ya epo. Kwetu tufaa ni lile jekundu lenye maji mengi, mti wake ndugu wa mkarafuu na mzambarau, wote wa jenasi ya Syzygium. Andikeni epo kwa epo.

Kutoka kwa mama wa watoto wawili, Leicester

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bibi yake ameshanitumia kidaka, kitale, dafu na nazi, na sauti zake zote. Kwenye dafu amecheka katikati, nimeiacha hivyo hivyo. Imebaki koroma tu. Kaka wa Chake, kabla hujaondoka, ukipita penye mnazi mfupi, nipigie picha moja.