Naomba ushauri: tuandike «mauaji ya halaiki» au «mauaji ya kimbari»?

Muuliza
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimepewa kazi ya kuandaa maelezo ya kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili, yatakayosomwa mbele ya watu waliopoteza wazazi na ndugu zao nchini Rwanda mwaka 1994. Rasimu yangu inasema «mauaji ya halaiki», mwenzangu anashikilia «mauaji ya kimbari», na mzee mmoja wa kamati anapendekeza «machinjo», kwa kuwa anaona maneno yetu yamepoa mno. Naomba mnieleze asili na maana ya kila moja.

Mchangiaji wa kwanza
Halaiki limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya viumbe, na kwetu ni umati wa watu. Ndiyo maana Tanzania huwaita watoto wanaounda maumbo uwanjani katika sherehe za kitaifa watoto wa halaiki. Mauaji ya halaiki, basi, yanaeleza wingi wa waliouawa. Polisi wa Afrika Kusini walipowaua kwa risasi waandamanaji 69 huko Sharpeville mwaka 1960, neno hilo lilitosha. Mbari, kwa upande wake, ni ukoo, na anayeuawa kimbari anauawa kwa sababu ya alikozaliwa.

Mchangiaji wa pili
Sheria nayo inamuunga mkono mwenzako. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, aliunda mwaka 1944 neno ambalo Wanyarwanda wanaliandika jenoside, kutokana na «genos» la Kigiriki, yaani mbari, na mzizi wa Kilatini wa kuua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 hauanzi na hesabu ya maiti, bali unauliza kama palikuwa na nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Nia hiyo ndiyo iliyothibitishwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, huko Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipotiwa hatiani.

Mchangiaji wa tatu
Mzee aombwe kwa heshima aliache «machinjo». Uchungu wake naufahamu, lakini anayechinjwa kwa kawaida ni mnyama, na Watutsi walikuwa wamekwisha kuitwa mende na wauaji wao kabla hawajaguswa. Halaiki libaki unapoeleza tukio la mahali pamoja, kama watu waliouawa kanisani Ntarama. Kwenye kichwa andika «mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi», kama Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilivyoiita siku hiyo tangu 2018, kisha katika maelezo uwataje pia Wahutu waliouawa kwa kuyapinga.