Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba mtoto anapumua kwa shida?

NesiWaZamu

Habari za usiku wanajamvi. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto, huu mwaka wa 11. Nimetoka zamu, usingizi umenigomea, nikaona bora nifungue uzi huu. Kila msimu wa mafua nasikia maneno yale yale mlangoni: "Sista, jana alikuwa mzima kabisa." Mara nyingi hakuwa mzima. Alianza kuhangaika na pumzi tangu jana, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha mzazi pa kutazama. Njooni tupeane uzoefu, wazazi na wauguzi: ulijuaje? Kama ulichelewa, sema pia, hapa hatuhukumiani.

Naanza mimi, tena na lililonitia aibu. Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Akaja mama na mtoto wa miezi 7, amemviringisha mablanketi mawili, uso tu ndio uko nje. Joto halikuwa kali. Mama mtulivu, anasema ni kikohozi tu. Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia akae asubiri. Alipogeuka kwenda kukaa, blanketi likateleza. Chini ya mbavu palikuwa panaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa, kama mtu anayenyonya mashavu yake. Nikamhesabu dakika nzima: 68. Kifaa cha kidoleni kikasoma oksijeni ya damu asilimia 86, chini mno.

Kwa wasiozijua hizo namba: aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyofundisha. Unahesabu mtoto akiwa ametulia, na dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Vichanga hupumua harakaharaka, wanatua kidogo, wanaanza tena. Ukihesabu nusu utadanganyika. Na kifua kikiwa kinaingia ndani, usibishane na namba tena. Mpeleke.

Yule tulimwekea kanula puani, yaani mpira mwembamba wa oksijeni, lita 1 kwa dakika. Baada ya kama dakika 20 akaanza kutazama watu. Tangu siku hiyo sijamuuliza mzazi swali lolote kabla sijapandisha fulana ya mtoto. Haya, nawaachia.

MamaPacha

Asante dada kwa uzi. Mimi nina pacha, waliugua wote wakiwa na miezi 3. Mmoja alikuwa analia usiku kucha, anakohoa, anapiga mateke. Mwingine "mpole". Basi wote nyumbani tukamshughulikia yule mlizi, tunampokezana, tunamwimbia. Mpole tumemlaza, tunashukuru Mungu angalau huyu hasumbui.

Kilichonishtua ni kunyonya. Alikuwa anashika titi, anavuta mara tatu, anaachia, anahema, anashika tena. Kama mtu aliyekimbia mbio ndefu halafu ukampa kikombe cha maji. Baada ya muda akaacha hata kujaribu, akalala. Nepi kavu tangu mchana. Tulipofika hospitali, muuguzi hakumgusa mlizi kabisa. Alimchukua mpole.

Walisema ni virusi vinavyoshambulia vijinjia vidogo vya hewa. Akalazwa siku 5. Nilimsumbua yule sista, kwa nini hampewi antibiotiki, mtoto wangu mnamwacha hivi hivi? Akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba antibiotiki haiui virusi, na kwamba siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo nisikate tamaa kesho nikimwona amezidi. Kweli kesho yake alizidi. Kama nisingeambiwa ningemchukua nikaondoka naye.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya kushangaza kwa udogo wake: oksijeni, mpira mwembamba wa kupitisha maziwa puani hadi tumboni, na matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya, kisha wanavuta kamasi taratibu. Mtoto mdogo hivyo hutegemea sana pua kupumua. Pua ikiziba, hawezi kunyonya na kuhema kwa wakati mmoja. Hilo sikulijua. Kikohozi chenyewe kilikaa wiki 3 baada ya kutoka.

Kigogo_cha_Mwisho

@MamaPacha umenigusa. Anayelia ana pumzi ya kulilia. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

BabaWaWawili

Wakuu, mimi langu ni la pumu na nimelikalia muda mrefu.

Kijana wangu alikuwa na miaka 6. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, ukikaa chumba cha pili unaisikia. Nikampulizia pampu mdomoni, nikampulizia tena. Baada ya muda filimbi ikakata. Nikafurahi, nikamwambia mama yake dawa imefanya kazi. Bahati nzuri tulikuwa tumeshapanga kwenda, tukaenda. Muuguzi akaweka kipimo kifuani, akasikiliza huku na huku, akatoka pale mbio. Filimbi ilikata kwa sababu hewa haikuwa inapita tena ya kutosha kupiga filimbi. Mtoto alikuwa hawezi kumaliza sentensi, anasema neno moja anahema, mimi nikadhani ni deko.

Baadaye, mambo yalipotulia, akaniambia nimwonyeshe ninavyopulizia. Nikamwonyesha. Alinitazama kwa huruma. Kumbe miaka miwili nilikuwa napaka dawa ulimini! Dawa ikitoka kwenye pampu inakwenda kwa kasi, inagonga nyuma ya koo, kidogo sana ndiyo inafika kwenye mapafu. Inatakiwa ipitie kwanza kwenye chombo chenye nafasi katikati ya pampu na mdomo. Unapuliza mara moja humo ndani, mtoto anavuta na kutoa pumzi tano sita, ndipo unapuliza nyingine. Hapakuwa na chombo cha ziada, akachukua chupa tupu ya plastiki ya mililita 500, akatoboa tundu kwenye kitako linalobana mdomo wa pampu, akaziba pembeni kwa plasta. Tena akasema kuna utafiti uliofanyika Afrika Kusini miaka ya 1990 ulioonyesha chupa ya namna hiyo inafanya kazi vizuri kwa watoto wenye pumu. Akaiosha kwa maji ya sabuni, akaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme na dawa inanata kwenye kuta.

Ile chupa bado ninayo kabatini. Mtoto ana miaka 13 sasa.

Mwanafunzi_Mwaka_wa_3

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nasomea uuguzi, hivyo uzoefu wangu mdogo, lakini niliumbuka vizuri kwenye mafunzo ya wodini.

Nilitumwa nipime oksijeni vitanda vyote. Kitanda cha nne mtoto wa mwaka na nusu, kifaa kinasoma 97. Nikaandika 97. Msimamizi akapita, akatazama mtoto, akatazama karatasi yangu, akaniuliza: "Umeona pua?" Nikatazama. Pua ilikuwa inatanuka kila anapovuta hewa, na kichwa kinanesa. Akashika mguu wa mtoto: wa baridi kama chuma. Akaupasha moto kwa kiganja, akahamishia kifaa kwenye kidole gumba cha mguu, akanionyesha namna ya kusubiri mpaka mapigo yanayoonekana kwenye kioo yalingane na mapigo halisi ya moyo. Ikatulia kwenye 89.

Nikasoma zaidi baadaye. Teknolojia hiyo ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Inapitisha mwanga kwenye kidole na kupima rangi ya damu. Kwa hiyo baridi inaiharibu, mtoto akitikisika inaharibika, rangi ya kucha inaiharibu. Na kwenye ngozi nyeusi ina tabia ya kusoma juu kuliko hali halisi. Hilo la mwisho lilinikasirisha kidogo, sitaficha.

Sista_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usione haya, sote tumeandika hiyo 97.

Mimi nilimalizia kazi kwa watoto wachanga. Kuna ile mashine ya kusukuma hewa puani ambayo mpira wake wa mwisho unazamishwa kwenye chupa ya maji, tuseme sentimita 5. Hewa ikitokea pale inatoa viputo. Hicho kina cha maji ndicho kinachoyaweka mapafu ya kichanga wazi, yasijikunje kila anapotoa pumzi. Ni kitu rahisi, hakina maajabu. Ila kinataka masikio.

Usiku nilikuwa nakaa na vitanda vitatu vyenye chupa hizo. Blubu, blubu, blubu, tatu kwa pamoja, kama sufuria tatu jikoni. Ukizoea unaweza kuandika ripoti, unaweza kukunja nguo, lakini moja ikinyamaza tu mwili wenyewe unasimama. Viputo vikikata, ujue hewa inavuja mahali: kanula imechomoka, au mtoto ameachama mdomo, au kuna mtu amejikwaa kwenye mpira. Tulikuwa tunaviringisha kitambaa kidogo chini ya mabega ili shingo isijikunje wala isipinde sana nyuma. Kichwa kikae kama mtu anayenusa ua. Na kila baada ya muda unatazama pua. Kanula ikibana inatoboa ile ngozi laini katikati ya matundu, na hilo ni kosa la muuguzi, si la mashine.

Wale waliozaliwa kabla ya wakati husahau kupumua. Unaona kifua kimetulia, unahesabu, bado kimetulia. Unamsugua unyayo kwa kidole. Anakunja uso, anavuta. Kuna usiku mmoja nilisugua unyayo wa mtoto mmoja mara zisizohesabika, mpaka asubuhi kidole changu kilikuwa kinauma. Yule mtoto nilikutana naye ukubwani, hanijui, nikampita tu.

Chizi_Maarifa

Langu fupi, ila lina hasira ndani. Mwanangu alipata kikohozi cha kubweka usiku, kama mbwa, na akivuta hewa inasikika mkwaruzo. Tulipofika mahali (sitaji), wakamtoa mapajani kwa mama yake, wakamlaza chali, wakamshika mikono, wakaingiza kijiti kooni waone. Alilia mpaka akabadilika rangi. Akaja muuguzi mtu mzima, akawaondoa wote, akamrudisha kwa mama, akapunguza taa. Mtoto akatulia, mkwaruzo ukapungua kabla hata ya dawa. Halafu wakampa dozi moja ya deksamethasoni ya kunywa, dawa ya kushusha uvimbe. Njia ya hewa ilikuwa imevimba, na kilio kilikuwa kinaibana zaidi. Kwani ni lazima umfunge kamba mtoto ndipo umpime?

NesiWaZamu

@Chizi_Maarifa pole sana. Una haki ya hasira. Mtoto mwenye mkwaruzo wa namna hiyo anaachwa akae anavyotaka yeye, na kooni haguswi.

Naomba niongeze kitu kabla hakijasahaulika: bakuli la maji ya moto na shuka kichwani kwa mtoto, hapana. Nimeuguza vidonda vya kuungua vilivyoanza kama mafua.

Mlezi

Wifi yangu alitibiwa mtoto nimonia mara tatu, kila picha inaonyesha upande ule ule, kulia chini. Dozi inaisha, anapata nafuu wiki mbili, inarudi. Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Kabla ya yote haya, aliwahi kupaliwa?" Wifi akakumbuka: siku moja alikuwa anachezea kalamu, akakohoa sana, akabadilika uso, kisha ikaisha wakasahau. Wakaingiza kamera kwenye njia ya hewa, wakatoa kipande cha kifuniko cha kalamu. Plastiki haionekani kwenye eksirei. Nimonia haikurudi.

Baba_Kijana

Wakubwa samahani kwa kuingilia. Nimesoma uzi wote nikiwa nimemshika mtoto. Miezi 4, ana mafua. Nimehesabu nimepata 62 lakini alikuwa analia. Nifanyeje?

NesiWaZamu

Mtulize kwanza. Akilala au akinyonya akatulia, pandisha fulana, weka saa mbele yako, hesabu dakika nzima. Tazama chini ya mbavu. Mafua yana siku ya ngapi?

Baba_Kijana

Leo ya pili. Amelala. 44. Mbavu hazizami. Amenyonya vizuri, nepi mbichi.

NesiWaZamu

Kwa sasa si mbaya. Lakini siku ya 3 inakuja. Hesabu tena alfajiri, na usiku akikataa kunyonya, akilegea ukashindwa kumwamsha, akitapika kila kitu, akishtuka kwa degedege au midomo ikiwa ya bluu, usije humu kuuliza. Ondokeni.

Baba_Kijana

Saa kumi na moja alfajiri. 58, amelala kabisa. Chini ya mbavu kunaingia, mama yake ameona pia. Tunatoka sasa hivi.

NesiWaZamu

Nendeni. Mbebe amekaa wima kidogo, kifua msikifunike sana, na mkifika mwambieni wa kwanza mtakayemkuta hizo namba mbili, 44 ya usiku na 58 ya sasa.